Gari huoshwa, halifuliwi

Kiswahili hakikutubania maneno pale inapohusika kazi ya kuondoa uchafu. Mtu huoga mwili, hunawa mikono, husukutua kinywa, hutawadha kabla ya kusali, huosha vyombo, hufua nguo, hupangusa meza na kusuuza gilasi. Mgeni anayejifunza lugha yetu hulalamika kwamba maneno haya yote angeyatafsiri kwa neno moja tu la kwao. Nami kama mwalimu wa isimu humjibu kuwa maneno hayo si mapambo. Kila moja limebeba ndani yake maelezo ya kitu kinachosafishwa, chombo kinachotumiwa na, zaidi ya yote, kiasi cha nguvu kinachohitajika.

Lichukue neno kufua. Mhunzi hufua chuma kwa nyundo. Mfua nazi huikandamiza nazi kwenye ncha ya kifuo hadi makumbi yabanduke. Mama zetu nao walifua nguo mtoni kwa kuzipigapiga juu ya jiwe. Vitendo hivi vitatu vinaungwa na jambo moja, nalo ni nguvu. Kuosha ni kitendo cha hadhi nyingine kabisa. Tunaosha mtoto mchanga, tunaosha kidonda, tunaosha kikombe cha kaure. Mwoshaji hutanguliza maji, na mkono hufuata taratibu.

Nimelileta somo hili kwenye ukurasa huu, msomaji wangu, kwa sababu ninayoyaona kila Jumamosi asubuhi katika mitaa yetu ya Nairobi, Nakuru, Eldoret na Mombasa ni magari yanayofuliwa. Wenyewe wanasema yanaoshwa. Lakini ukiisha kutazama kwa makini utagundua kuwa rangi za magari hayo haziharibiwi na vumbi wala tope. Zinaharibiwa na kule kusafishwa kwenyewe.

Tazama namna mambo yanavyokwenda. Huletwa ndoo moja ya maji. Hutiwa humo sabuni ya unga, ile ile ya kufulia shuka. Hutafutwa kitambaa, aghalabu fulana kuukuu iliyostaafu. Kitambaa huchovywa, kikapigwa juu ya mlango wenye tope, kikasugua kwa mizunguko, kikarudishwa ndooni pamoja na mchanga wote kilichouokota, kisha kikatolewa kwenda kusugua boneti. Kikianguka chini hukung'utwa mara mbili, kazi ikaendelea. Kufikia wakati wa kuosha paa, maji ya ndoo yamekuwa mithili ya uji wa wimbi. Na wapo wasiosubiri hata hayo maji. Alfajiri bawabu hupita akipangusa vumbi kwa kitambaa kikavu ili bosi akitoka alikute gari lake linang'aa.

Kupangusa huko kwa kitambaa kikavu ndiko kubaya kuliko kote. Vumbi la barabara zetu lina chembe za mchanga, na mchanga wa kawaida una ugumu wa kutosha kukwaruza hata kioo, sembuse rangi. Mwenye kuuburura juu ya gari kwa kitambaa hana tofauti na seremala anayepiga msasa. Na msasa, kwa wasiojua, ni jina la mti ambao majani yake yenye makwaruzo yalitumiwa na mafundi wa kale kulainishia mbao. Fundi huyo alijua anachokifanya, kwani alitaka kupunguza mbao. Sisi tunapunguza rangi tukidhani tunaisafisha.

Inafaa basi tuelewe kinachooshwa ni kitu gani. Bati la gari limefunikwa kwa matabaka. Chini kabisa mna rangi za msingi, ambazo kazi yake ni kuzuia kutu na kuishika rangi ya juu. Kisha hufuata rangi yenyewe, nyeupe, nyekundu au buluu. Na juu yake, katika magari mengi yaliyotengenezwa tangu miaka ya 1980, hupakwa tabaka angavu lisilo na rangi, mithili ya kioo, ambalo ndilo linalotoa mng'ao na kuikinga rangi dhidi ya miale mikali ya jua. Tabaka hilo la kioo kwa kawaida lina unene wa mikroni 35 hadi 50, na mikroni moja ni sehemu moja ya elfu ya milimita. Unywele wa binadamu aghalabu ni mnene kuliko hapo. Huo ndio ukuta wote uliopo baina ya jua la Kenya na rangi uliyoilipia.

Nasema jua la Kenya kwa makusudi. Tuko kwenye ikweta, na Nairobi imekaa kwenye mwinuko wa zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, ambapo hewa ni nyepesi na miale hiyo hutufikia ikiwa na makali yake. Ndiyo maana gari huanza kuzeeka kwenye paa na boneti, sehemu zinazolitazama jua ana kwa ana. Tabaka angavu likishakwaruzwa na kukondeshwa, hufifia, hugeuka jeupe kama ngozi yenye mba, kisha hubabuka vipande vipande. Likifika hapo halina dawa ya sabuni wala ya nta. Ni kulipaka upya. Maji yakimwagika, walisema wahenga, hayazoleki.

Kumbuka pia kwamba magari mengi tunayoyaendesha tuliyanunua yakiwa tayari yametumika, mengi yao yakitoka Japani. Kenya hairuhusu kuingizwa kwa gari lililopita miaka minane tangu lisajiliwe kwa mara ya kwanza, na walio wengi miongoni mwetu hununua yale yanayoukaribia mpaka huo kwa kuwa ndiyo tunayoyamudu. Hivyo basi gari hushuka bandarini Mombasa likiwa tayari limeoshwa mara mamia. Kwa familia nyingi, baada ya ploti na nyumba, gari ndiyo mali kubwa kuliko zote. Siku ya kuliuza, mnunuzi atalizunguka kabla hajafungua boneti, na macho yake yatamwambia bei kabla ya mdomo wako.

Ukitaka kujua hali ya gari lako, litoe juani, usimame mahali ambapo jua linarudishwa na rangi machoni pako. Ukiona mizunguko myembamba kama utando wa buibui umeizunguka taswira ya jua, hayo ni makwaruzo. Hayakuchorwa na matawi ya miti wala na watoto wa jirani. Yamechorwa na kitambaa.

Sasa tuingie katika kazi yenyewe, na tuifuate kwa vitenzi vyake, maana kila kitenzi kina nafasi yake na hakipaswi kumpokonya mwenziwe kazi.

Kitenzi cha kwanza ni kusuuza. Liweke gari kivulini, asubuhi au jioni, na uiguse boneti kwa mgongo wa kiganja. Ikiwa ina joto, subiri. Sabuni ikikaukia kwenye bati la moto huacha madoa ambayo utalazimika kuyasugua, na kusugua ndiko tunakokukimbia. Anza na magurudumu, tena kwa ndoo yake na brashi yake, kwa sababu vumbi la breki lina chembe za chuma ambazo hazifai kuonana na milango. Kisha mwagia gari zima maji mengi kutoka juu kwenda chini, ukikazania matao ya magurudumu na sehemu za chini za milango ambako tope hujificha. Usiguse kwa mkono wala kwa kitambaa. Acha maji yalegeze tope, yaliondoe, yaende nalo. Kila chembe inayoondoka sasa ni chembe ambayo haitaburutwa baadaye.

Najua utaniuliza, maji hayo mengi yatatoka wapi katika jiji ambalo maji ya bomba hugawiwa kwa zamu? Swali ni la haki. Huhitaji mpira wa maji unaomwaga bila breki. Mkebe wa kumwagilia maua, ule wenye mdomo uliotobolewa matundu, unatosha. Hueneza maji kama mvua nyepesi, na mikebe miwili au mitatu hulimaliza gari dogo. Na mwenye tangi la kuvuna maji ya mvua kutoka kwenye paa ana bahati maradufu, kwani maji hayo hayana chokaa. Maji ya visima vingi, hasa kule Pwani ambako visima hupita katika mwamba wa matumbawe, yana chokaa tele, nayo yakikaukia juu ya rangi huacha duara jeupe kila palipokuwa na tone.

Kitenzi cha pili ni kuosha. Hapa panahitajika ndoo mbili, na lau msomaji atayasahau yote mengine niliyoandika, naomba asiisahau ndoo ya pili. Moja ina maji na sabuni, nyingine ina maji matupu. Unachovya kwenye sabuni, unaosha sehemu moja ya gari, kisha kabla ya kurudi kwenye sabuni unasuuza katika maji matupu. Uchafu hubakia katika ndoo ya pili, na ile ya kwanza hudumu safi hadi mwisho. Ukiweza, tumbukiza chini ya ndoo ya kusuuzia chungio la plastiki lililopinduliwa. Mchanga utapita kwenye matundu utuame chini, usikorogwe tena na kurejea mkononi.

Sabuni nayo ichaguliwe. Sabuni ya unga imetengenezwa iwe kali ili ipambane na jasho na mafuta katika nguo. Hiyo pamoja na ile ya kuoshea vyombo huondoa nta yote iliyokuwa ikiilinda rangi. Shampuu ya magari husafisha bila ukali, na huwa na utelezi unaoufanya mkono upite bila kukwama. Kifuniko kimoja au viwili kwa ndoo hutosha, kwa kadiri ya maelezo ya chupa. Badala ya fulana kuukuu tumia glavu ya sufu au ya maikrofaiba, ambayo nyuzi zake ndefu huzimeza chembe za uchafu zikaziweka mbali na rangi. Fulana ni bapa. Chembe ikinaswa baina yake na bati haina pa kukimbilia ila kukwaruza.

Anzia kwenye paa, ushuke kwenye vioo, boneti, nusu ya juu ya milango, na umalizie sehemu za chini ambazo ndizo chafu kupita zote. Mkono uende kwa mstari ulionyooka, usizunguke. Wala usikandamize; uzito wa glavu iliyolowa unatosha. Pakiwa na kinyesi cha ndege au utomvu, usipambane nao. Weka juu yake kitambaa kilicholoweshwa kwa dakika chache, kilainike, kisha ukiinue. Kinyesi cha ndege kina asidi, na jua likikikausha juu ya gari huweza kuacha kovu la kudumu kwa muda mfupi mno. Walioegesha chini ya migunga ya Nairobi wanapotua wale makorongo wakubwa wenye vipara wanajua ninalolisema. Wanalijua pia walioegesha chini ya mijakaranda wakati maua yanapopukutika, au chini ya mwembe kule Pwani. Kivuli cha mti si cha bure.

Baada ya kuosha, suuza tena, na safari hii acha maji yateremke taratibu kama shuka. Maji yakiteremka pamoja hubeba mengi yaliyosalia, na kukausha kutakuwa kwepesi.

Kitenzi cha tatu ni kukausha, ambacho wengi hukiruka wakiliachia jua kazi hiyo. Jua halikaushi gari ila huchukua maji tu na kuacha chokaa. Taulo kubwa la maikrofaiba lilazwe juu ya bati lifyonze maji, kisha livutwe polepole kuelekea kwako. Wazee walitumia ngozi laini ya kondoo, nayo bado inafaa, mradi iwe imelowa na kukamuliwa na isiwe na chembe ya mchanga. Usikaushie shati lenye vifungo wala kitambaa chenye pindo gumu. Fungua milango ufute kingo zake, kwa kuwa maji yanayojificha humo ndiyo mama wa kutu. Kwa wakazi wa Pwani jambo hili ni la faradhi. Hewa ya bahari ina chumvi, na chumvi ikichanganyika na unyevu huharakisha kutu. Huko gari lisuuzwe hata chini ya tumbo lake, si ubavuni tu.

Kitenzi cha nne ni kupaka, na hapa lugha yetu ya mitaani inatuponza. Tunaviita vyote "polishi," ilhali vitu hivi ni viwili na kazi zao zinapingana. Polishi halisi ina chembe za kusaga. Hulikata tabaka angavu kidogo ili kusawazisha makwaruzo. Hupunguza. Nta hufunika; huongeza ngozi nyembamba juu ya rangi. Mwenye kupiga polishi kila mwezi akidhani analilinda gari lake anakula mtaji. Polishi ni ya nadra, tena kwa mkono wa fundi anayejua alichobakiwa nacho. Nta ndiyo ya kila baada ya miezi miwili au mitatu.

Nta maarufu katika kazi hii hutoka kwenye majani ya mti fulani wa jamii ya minazi, wa kaskazini mashariki mwa Brazili, uitwao carnauba. Mti huo huyafunika majani yake kwa nta ili usikaushwe na jua la huko, nayo ni ngumu kiasi cha kutoyeyuka hadi ipite nyuzi 80 za selsiasi. Zipo pia kinga za viwandani ambazo hudumu muda mrefu zaidi. Yoyote utakayoichagua, ipake kivulini juu ya gari safi na kavu, kidogo kidogo, sehemu moja baada ya nyingine, kisha uiondoe kwa kitambaa laini. Wingi wake hauongezi ulinzi. Na kabla ya kupaka, vaa mfuko wa mkate mkononi na upapase boneti kwa vidole. Mifuko ya plastiki ya dukani ilipigwa marufuku nchini mwaka 2017, lakini wa mkate bado upo. Ukihisi vijipele, basi kuna uchafu ulioganda ambao maji hayakuutoa, na huondolewa kwa ule udongo maalum wa magari, ukitelezeshwa juu ya maji ya shampuu.

Utajuaje kama nta bado ipo? Usiulize mng'ao, maana hata gari lililopanguswa kwa mafuta ya taa hung'aa kwa saa moja kabla ya kukusanya vumbi lote la barabara. Uliza maji. Yakijikunja na kuwa matone ya mviringo, nta ipo. Yakitandaa na kulala, imekwisha.

Neno kuhusu maji machafu. Mtaro wa maji ya mvua hauna kichujio. Mengi yanayoingia humo huishia mtoni. Kisumu, kwa miaka mingi, magari yameingizwa moja kwa moja kwenye fuo za Ziwa Victoria yakaoshwa humo, sabuni na mafuta vikabaki katika maji yale yale tunayovulia samaki. Nyumbani una uwezo wa kuchagua. Liweke gari mahali ambapo maji yatanyonywa na ardhi, mbali na mtaro na kisima.

Nimebakiwa na la mwisho, na kwangu ndilo zito. Wengi wetu hatuoshi magari yetu wenyewe. Huoshwa na kijana wa mtaani au bawabu wa lango, kwa malipo ambayo tungeona haya kuyataja hadharani. Siku tunapoyaona makwaruzo, tunamwita mzembe. Lakini ni nani aliyempa ndoo moja? Ni nani aliyemkabidhi fulana na sabuni ya unga, akamwambia afanye haraka kwa kuwa kuna harusi saa nne? Ni nani aliyemsifu siku alipomwona akisugua mpaka jasho likamtoka, na kumlaumu siku alipokwenda taratibu? Tumemfundisha kuwa usafi ni nguvu, naye kwa utiifu ametupa nguvu zake zote.

Ndoo ya pili, glavu ya sufu, chupa ya shampuu na taulo moja havifikii gharama ya kupaka rangi mlango mmoja. Mnunulie kijana huyo, mweleze sababu, kisha umwongezee malipo kwa ile nusu saa itakayoongezeka. Kijana huyo akishajua anachokifanya ana ufundi mkononi, na ufundi hulipwa vizuri kuliko jasho. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta wenyewe katika jambo hili hauzidi unene wa unywele.

Kwa hivyo tuyarudishie maneno yetu heshima yake. Chuma kifuliwe na mhunzi, nazi ifuliwe kwenye kifuo, shuka zifuliwe kwa sabuni ya unga. Gari, jamani, lioshwe.